Mmekuja kwa Nani?

Watu wa ukanda huu tunasafiri sana, ila karibu kila safari ina kisa chake. Kuna msiba, kuna harusi, kuna mgonjwa wa kuangaliwa, kuna mzigo wa kufuatwa. Mzungu mwenye begi mgongoni ni mtalii, hana haja ya kujieleza. Mweusi mwenye begi kama lile, ambaye hauzi wala hanunui wala haombolezi, huwapa watu kazi ya kufikiri. Mimi na mke wangu, wakazi wa Mwanza, tuliulizwa swali moja kuanzia mpakani hadi Kisumu: mmekuja kwa nani?

Wa kwanza kuuliza alikuwa ofisa wa uhamiaji, pale Sirari inapoishia na Isebania inapoanza. Aliuliza kwa adabu. Pasipoti zilikuwa sawa, kadi za homa ya manjano tulikuwa nazo, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inamruhusu raia wa Afrika Mashariki kuingia na kukaa hadi miezi sita. Kilichomtatiza ni jibu letu.

"Tunatembea."

Akasubiri tumalizie.

"Tunatembea tu, afande."

Akagonga mihuri, akamgeukia mke wangu. "Mama, muangalie hayo mabegi stendi ya Migori."

Ukikaa Capri Point, kwetu Mwanza, jioni, maji hayana mwisho na unajiona unalijua ziwa. Kumbe unajua upande mmoja. Kati ya kilometa za mraba 68,800 hivi za Ziwa Viktoria, Kenya ina kama asilimia 6 tu, na sehemu kubwa ya hiyo ni Ghuba ya Winam, inayojipenyeza mashariki hadi Kisumu. Sisi tuna karibu nusu nzima. Sijui kwa nini asilimia 6 ina kelele kuliko nusu yetu, lakini ina.

Wazee wetu walikwenda huko kwa meli bila kuhangaika. MV Victoria, ambayo kila mtu wa Mwanza anaihesabu kuwa yake, iliungwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukaja kufunguliwa 1983, na meli zikagawanywa kama mali za marehemu. Sisi tulizunguka kwa barabara: Musoma, Tarime, Sirari, Migori, Homa Bay, Mbita.

Kutoka Homa Bay tulipanda Probox. Kwetu gari la namna hiyo tungeliita mchomoko na tungelaumu trafiki. Kule ndiyo usafiri wenyewe, na dereva anagawana kiti chake na abiria bila kuona haya. Tulibeba mabegi mapajani kwa sababu nyuma walikaa watu. Kondakta alitaka kujua tumebeba bidhaa gani. Nguo, tukasema. "Za kuuza?" Za kuvaa. Akacheka na abiria wenzake kwa Kijaluo, na mama mmoja aliyekaa karibu yetu akamfunulia mke wangu mfuko wa njugu, ale.

Wiki ya kwanza ya safari kama hii inawapima wawili kwa namna ambayo ndoa ya nyumbani haijawahi kuwapima. Nyumbani kila mmoja ana kazi yake na njia yake ya kwenda kazini. Barabarani mnaamua pamoja kila kitu: mle wapi, mlale wapi, mshuke sasa au kituo kinachofuata, nani ashike pesa. Mimi nataka kufika. Yeye akifika anataka kukaa. Shilingi moja ya Kenya ni karibu ishirini zetu, basi mimi kila bei naizidisha kwa sauti, na kufikia Mbita alikuwa ameniomba nizidishe kimoyomoyo.

Mbita ndipo kukaa kwake kulipolipa. Alijisogeza kwa mwanamke aliyekuwa akianika omena, dagaa wale wale wa kwetu, wakaanza kuzungumza kama majirani. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikikomaa wavuvi wanapumzika. Kwa miaka mingi serikali ya Kenya ilikuwa ikisitisha uvuvi wake kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Taa zenyewe zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za sola. Mke wangu, aliyekulia karibu na mwalo, aliuliza maswali mazuri kupita kiasi.

"Msinidanganye," mama akasema. "Mmetumwa kuangalia bei. Dagaa zenu zikivuka huku zinatuangushia soko."

Ilimchukua mke wangu saa nzima kumtoa wasiwasi, nami nimesimama na begi. Mwishowe alitukaribisha ugali.

Kisiwa cha Rusinga kinaungana na Mbita kwa daraja. Tulikwenda kwenye kaburi la Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38. Jengo lililojengwa juu ya kaburi lina umbo la risasi, na ukishaambiwa hivyo huwezi tena kuliona vingine. Huyu ndiye aliyehangaika kuwapeleka vijana kusoma Marekani kwa ndege kuanzia 1959, kabla nchi yake haijapata uhuru. Nilitegemea mahali pa kelele za kisiasa. Palikuwa na upepo na mbuzi. Kwenye daftari la wageni mke wangu aliandika tulikotoka, na penye sababu ya ziara akaandika "kutembea", akapigia mstari.

Kivuko cha kwenda Luanda K'Otieno kinakata mdomo wa ghuba. Njiani unaona vizimba vya kufugia samaki vikielea, na unaelewa kwamba ngege wa mezani si lazima awe wa nyavu. Wengine, wauzaji wenyewe wanakiri, wametoka China wakiwa wamegandishwa.

Tulishuka Kit Mikayi, kwenye barabara ya Bondo kwenda Kisumu. Mtu wa Mwanza kulipa kiingilio aone mawe yaliyobebana ni jambo la kufikirika mara mbili. Sisi tunayaona bure, mengine yako uani. Lakini haya yana hadithi. Mwongozaji alisimulia habari za mzee Ngeso aliyeyapenda mawe haya hata akawa anashinda pangoni kutwa. Watu wakimuuliza mkewe mzee yuko wapi, anajibu kwamba amekwenda kwa mke wa kwanza, ndiyo maana ya jina. Chakula chake alikuwa akimpelekea hapo hapo.

"Na yeye mama alikula na nani?" mke wangu akauliza.

Mwongozaji hakuwa ameulizwa hilo kabla. Pembeni yetu waumini wa Legio Maria walikuwa wakisali na kanzu zao, wakatuacha tumalize ubishi.

Kisumu yenyewe ni mji wa tuktuk. Reli iliufikia Desemba 1901, ukaitwa Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi wa reli. "Wenzio wanawapa wake zao bandari," niliambiwa. Ushauri kwa atakayefuata: sajili laini ya Kenya kwa pasipoti mapema, maana dereva wa tuktuk anataka M-Pesa na noti kubwa haina chenji. Nenda Dunga asubuhi uingie kwenye mafunjo kwa boti, kabla upepo haujasukuma gugumaji na kuziba njia. Kula samaki hapo hapo, wa kukaanga kisha akachemshwa na nyanya.

Mbele yetu palikuwa na Busia na Uganda, na nauli nilikuwa nimeshaitenga. Mke wangu alikuwa na namba ya simu ya mama wa omena, ambaye ana dada kisiwani Mfangano mwenye chumba cha wageni. Tulibishana mpaka basi la Busia likaondoka, tukalazimika kulipia chumba usiku mwingine.