Faini zikipanda, chai nayo hupanda

AGHALABU ajali kubwa inapotokea katika barabara zetu, wakubwa huwa na dawa moja tu: faini iongezwe. Dawa hiyo imejaribiwa zaidi ya mara moja, na yafaa tujiulize imemponya nani.

Mnamo Februari 2004, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, aliwalazimisha wenye matatu kuweka mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Abiria walitaabika kwa muda, lakini wengi waliyapokea mabadiliko hayo kwa furaha kwa sababu waliyaona kwa macho: kila mtu na kiti chake. Baadaye ulegevu ukarudi. Ndipo mwaka 2012 Bunge likapitisha mswada wa aliyekuwa Mbunge wa Gem, marehemu Jakoyo Midiwo, wa kuifanyia marekebisho Sheria ya Trafiki. Kuendesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu kukawa kosa la kumtoza mtu hadi Sh30,000 au kumfunga miezi mitatu, na uendeshaji wa hatari ukafikia Sh100,000 au kifungo cha miaka miwili.

Je, barabara zilitulia? Mwaka 2013 Wakenya zaidi ya 3,000 walikufa katika ajali. Mwaka 2024 waliokufa walipita 4,700. Ni kweli kwamba magari na pikipiki zimeongezeka sana katika kipindi hicho, wala sisemi kwamba faini ndizo zilizowaua. Nasema tu kwamba hazikuwaokoa.

Muulize dereva yeyote wa matatu sababu, naye atakueleza bila kumung'unya maneno. Faini ikiwa Sh500, hakuna mwenye akili atakayetoa hongo ya Sh500. Ikiwa Sh10,000, na juu yake siku nzima ipotee katika foleni ya mahakama huku gari likiwa limezuiliwa kituoni, basi Sh1,000 zilizokunjwa ndani ya leseni huonekana kuwa rehema. Kwa hivyo kila faini inapopandishwa, anayenufaika kwanza si Hazina ya Serikali, bali ni yule askari asiye mwaminifu aliyesimama kando ya barabara. Amepandishiwa mshahara bila kuomba!

Hapo ndipo manung'uniko ya watumiaji wa barabara yanapopata uzito. Wengi wao hawapingi sheria. Wanachopinga ni kuona gari bovu likipita vizuizi vitatu kwa sababu utingo anajua kusalimiana vyema, ilhali mwenye pikapu ya kubebea kabeji, ambaye taa yake moja imezimika, anashukishwa na kupelekwa korokoroni.

Kuna dhuluma nyingine isiyozungumziwa sana. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 zilipanga kwamba anayepita kikomo cha mwendo kwa kilomita kati ya 16 na 20 atozwe Sh10,000. Kwa tajiri, hizo ni fedha za chakula cha jioni hotelini. Kwa dereva wa kibarua, ambaye sharti kwanza atoe hesabu ya tajiri wake na petroli kabla ya kujihesabia chochote, ni karo ya mtoto. Nchini Ufini faini za mwendo wa kasi hupimwa kwa kipato cha mkosaji. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa kampuni ya Nokia alitozwa huko zaidi ya euro 100,000 kwa kwenda kasi na pikipiki yake, ingawa baada ya rufaa kiasi hicho kilipunguzwa. Sidhani kwamba mpango huo ungewezekana hapa kesho, maana mapato ya wengi wetu hayajulikani na yeyote. Hata hivyo, unatuonyesha kwamba faini sawa si adhabu sawa.

Tena, nani alipe? Tairi likiwa kipara na breki zikiwa hazishiki, mwenye gari ndiye aliyekataa kununua vipuri. Dereva akikataa kuliondoa gari hilo stendi, kesho yake atapewa mwingine. Ubovu wa gari na utozwe mwenyewe, na kasi itozwe aliyeshika usukani. Ada ya kuegesha gari jijini Nairobi hulipwa kwa simu, bila noti kupita mkononi mwa mtu. Faini ya barabarani nayo ipite njia hiyo hiyo, kiasi chake kikiwa kimebandikwa kwa Kiswahili ndani ya kila matatu, ili abiria ajue ni shilingi ngapi zinazodaiwa pale gari linaposimamishwa, na autazame mkono wa utingo unapotoka dirishani.