Utando wa seli si ukuta: Funzo kutoka miamba ya Diani na Msambweni

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri maelezo mafupi kuhusu matumbawe ili wasomewe wavuvi wa Msambweni. Kila palipotajwa ngozi nyembamba inayozingira seli, niliandika 'ukuta wa seli'. Nilipomaliza kusoma, mzee mmoja akaniuliza, "Profesa, ni ukuta gani huo unaoharibiwa na maji ya vuguvugu?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini nilijua nimekosea.

Ukuta wa seli upo, tena ni mgumu, mimea inao. Nilichokusudia ni utando. Neno hili linatokana na kitenzi 'tanda', na kila mpishi analijua: maziwa yaliyochemshwa yakipoa, hutanda utando juu. Utando wa seli una unene wa takriban nanomita 5 tu. Umeundwa kwa tabaka mbili za lipidi, yaani jamaa za mafuta, pamoja na protini. Mwaka 1972, wanasayansi Singer na Nicolson wa Marekani walieleza kwamba vitu hivi havikupangwa kama matofali. Huteleza na kupishana, mithili ya majimaji.

Wepesi wa kuteleza hutegemea aina ya mafuta. Hebu tuingie jikoni. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana asubuhi za kusi huweza kuyakuta yameganda chupani. Ya alizeti, kando yake, bado yanamiminika. Siri iko kwenye mikia ya molekuli. Mikia mingi ya mafuta ya nazi imenyooka, hivyo hulala pamoja na kubanana kama fito kwenye mzigo. Ya alizeti ina vipindo, haibanani. Utando nao ni vivyo hivyo: mikia iliyonyooka huukaza, iliyopinda huulegeza.

Turudi baharini. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya seli zake huishi mwani mdogo mno unaompa chakula na rangi. Mwani huo una tando zake za ndani zinazofanya kazi ya usanisinuru. Mwaka 2004, Dan Tchernov na wenzake walionyesha kwamba mwani unaostahimili joto huwa na mikia iliyopinda michache zaidi katika tando hizo. Kwa mwani dhaifu, joto likizidi, tando huvuja na oksijeni haribifu huzalishwa. Mwani hupotea, tumbawe likabaki jeupe. Huko ndiko kupauka. Mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa.

Bila shaka mafuta si sababu pekee. Lakini sasa swali la mzee yule lina jibu: ukuta haungelegezwa na joto dogo namna ile, utando hulegea.

Niliporudi Msambweni nilikuwa nimebadilisha neno. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee alitikisa kichwa kukubali, kisha akauliza la maana zaidi: maji yakizidi kupata moto, ni mwani upi utakaobaki? Tusipompa mvuvi neno sahihi, hata swali hilo hatalifikia, ilhali riziki yake iko kwenye mwamba huo.