Siku ya Familia Majini: Lipa Mapema, Simu Ikae Begini

Likizo ya Agosti ikianza kunukia, swali kwenye nyumba nyingi huwa ni moja: "Mama, mwaka huu tunaenda wapi?" Na watoto wakiulizwa wao wanataka wapi, jibu ni maji. Wanataka slaidi ndefu, bwawa la kuogelea, chipsi, na kurudi nyumbani macho mekundu na nguo zimelowa.

Kwa walio Mombasa, jina linalotajwa haraka ni Wild Waters, iliyoko Nyali kando ya Links Road. Walio bara nao wana vituo vyao. Popote utakapochagua, siku kama hiyo ina gharama nyingi ndogo ndogo, na siku hizi karibu zote hulipwa kwa simu. Hapo ndipo tunapotaka kuongea na wewe leo.

Tuseme ukweli, sisi wenyewe tumewahi kukosea. Siku moja kundi letu la kazini lilibeba watoto hadi kituo kimoja cha michezo ya maji. Hatukuwa tumepanga nani analipa nini. Ilipofika saa saba mchana, kila mtu mzima alikuwa ameinamia simu. Mmoja anatuma pesa ya chipsi, mwingine anatafuta nambari ya till, wa tatu anasubiri ujumbe wa kuthibitisha. Ni dakika chache tu. Kisha mmoja wetu akauliza, "Mdogo yuko wapi?"

Mtoto wa miaka minne alikuwa ameshafika ukingoni mwa bwawa la watu wakubwa, mguu mmoja majini. Mama mmoja tusiyemjua ndiye aliyemshika mkono. Hakuna aliyeumia, lakini njia nzima ya kurudi hakuna aliyekuwa na stori.

Sisi ni kampuni ya malipo ya simu, kwa hivyo huenda ukashangaa kusikia hili kutoka kwetu: siku ya maji, simu inafaa kukaa kwenye begi. Malipo mengi yakiisha kabla hujavua viatu, macho yako yanabaki kwa watoto. Hivi ndivyo unavyoweza kupanga.

Anza na hesabu ya siku nzima

Wengi wetu huuliza bei ya kiingilio, tunazidisha kwa idadi ya watu, basi. Kumbe kiingilio ni sehemu tu. Tuchukue mfano wa familia ya watu sita inayotoka Likoni: baba, mama, mama mdogo na watoto watatu. Ferry wanavuka bure kwa sababu wanatembea kwa miguu, kisha wanapanda matatu hadi Nyali. Bei tulizoweka hapa ni za mfano tu, za kukusaidia kupiga hesabu. Si bei za mahali fulani.

- Nauli kwenda na kurudi: watu 6 kwa KSh 200, jumla KSh 1,200
- Kiingilio: watu 6 kwa KSh 900, jumla KSh 5,400
- Chakula na maji ya kunywa: watu 6 kwa KSh 400, jumla KSh 2,400
- Kabati la kuweka mizigo na mambo madogo: KSh 500
- Pesa ya dharura: KSh 1,500

Jumla ni KSh 11,000. Unaona? Kiingilio hakijafika hata nusu. Aliyebeba pesa ya kiingilio peke yake ndiye atakayekuwa akipigia watu simu saa tisa alasiri, "Nitumie kitu kidogo, nauli imeisha."

Kabla ya kuandika hesabu yako, piga simu mahali unapoenda na uulize mambo manne. Watoto wa umri au urefu gani wanalipa bei ndogo? Je, kiingilio kinajumuisha slaidi zote? Chakula kutoka nyumbani kinaruhusiwa? Na nguo gani zinakubalika majini? Hilo la mwisho watu hulipuuza, kisha wanafika getini wanaambiwa kaptura ya jinsi haiingii bwawani, na bajeti inapata shimo la nguo mpya.

Weka akiba kidogo kidogo

KSh 11,000 kwa mpigo ni pesa. Lakini ukianza katikati ya Mei, una kama wiki 11 kabla ya Agosti. Hiyo ni elfu moja kwa wiki, au chini kidogo ya bob 150 kwa siku. Na Mei ni mwezi wa mvua pwani, hakuna anayekimbilia maji. Acha wengine wajikunyate, wewe weka akiba.

Pesa hiyo isikae kwenye salio la kila siku. Salio la kila siku halina mwenyewe, likionekana, linatumika. Fungua sehemu ya akiba kwenye simu yako, ipe jina kama "Nyali Agosti", na uweke lengo. Kama ni familia pana inayochanga, chagueni mhazini mmoja na muandike kila mchango kwenye kikundi chenu cha ujumbe. Shangazi akiona jina la mwenzake limetokea na lake halipo, mara nyingi huhitaji kukumbushwa tena.

Jambo moja la kukwepa: usikope kwa simu ili kwenda kuogelea. Furaha ya siku moja haifai kukudai mwezi mzima. Ikiwa pesa haijafika, punguza mpango au sogeza tarehe. Watoto watanung'unika, lakini karo ya Septemba itakushukuru.

Lipa kabla, lakini hakikisha unamlipa nani

Ikiwa kituo kinakubali malipo ya mapema, yatumie. Unaepuka foleni, na kiingilio hakiwezi kuliwa na jambo lingine njiani. Ila msimu wa likizo ndio msimu wa matapeli pia. Wanafungua kurasa zenye picha nzuri za slaidi na kutangaza "ofa ya familia, lipa leo tu". Ukishatuma, ukurasa unapotea.

Fanya hivi:

1. Omba nambari ya till au ya paybill ya biashara. Ukipewa nambari ya mtu binafsi "kwa sababu till ina shida", simama hapo hapo.
2. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti na la biashara, piga simu uulize. Biashara nyingine zimesajiliwa kwa jina la kampuni mama, lakini hilo wakueleze wao, usikisie mwenyewe.
3. Tumia nambari ya simu uliyoipata mahali pengine, si ile iliyo kwenye tangazo lenyewe.
4. Hifadhi ujumbe wa malipo. Nambari ya muamala ndiyo risiti yako getini.

Wengi hutuuliza kuhusu ada. Unapolipia bidhaa kwa till, kwa kawaida ada huwa kwa mwenye biashara, si kwako. Kutuma kwa nambari ya mtu kunakukata wewe. Kwa paybill inategemea mpango wa biashara hiyo, kwa hivyo soma ada kabla ya kukubali. Na tangu 2022, mteja wa mtandao mmoja hapa Kenya anaweza kulipia till ya mtandao mwingine, kwa hivyo usikubali kuambiwa lazima utoe pesa taslimu kwa sababu tu laini yako ni tofauti.

Ukihitaji pesa taslimu ya matatu na boda, itoe mara moja kwa wakala siku moja kabla. Kutoa mia tano mara nne kunakula ada zaidi ya kutoa elfu mbili kwa mpigo.

Ukikosea nambari, usingoje hadi jioni. Piga simu huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na ujumbe wa muamala. Kadiri unavyowahi ndivyo nafasi ya kurudishiwa inavyokuwa nzuri, kwa sababu pesa ikishatolewa na mpokeaji ni vigumu kuirudisha.

Gawanya kazi: anayelipa asiwe anayelinda

Hili ndilo somo tulilolipata kwa hofu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono kama kwenye filamu. Anatulia, na anazama haraka, hata kwenye maji yasiyofika kifua cha mtu mzima. Waokoaji wa bwawa wapo, lakini wanaangalia mamia ya watoto. Wako unamwangalia wewe.

Kwa hivyo mkiwa nyumbani, semeni wazi nani ni mhazini na nani ni mlinzi. Mhazini ndiye mwenye simu, ndiye anayenunua chakula. Mlinzi yuko karibu na maji, na mdogo ambaye hajui kuogelea awe mahali anapofikiwa kwa mkono. Mlinzi hashiki simu, hata ya kupiga picha. Mkichoka, badilishaneni, na mseme kwa sauti: "Sasa zamu ni yako." Maboya ya mikononi yasikudanganye, yanasaidia kucheza, hayachukui nafasi ya mtu mzima.

Mkiwa na mtu mzima mmoja tu, chakula kinunuliwe watoto wote wakiwa nje ya maji. Watalia kidogo. Waache walie.

Pesa isikae kwenye simu moja

Maji, mchanga na umati: hayo ndiyo maadui wa simu. Simu ya mhazini ikizima au ikianguka kwenye bwawa, familia nzima imekwama Nyali na jua linazama. Kinga yake ni rahisi:

- Pesa ya nauli ya kurudi na ya dharura ikae kwa simu ya mtu mzima wa pili, au taslimu kwenye mfuko uliofungwa.
- Chaji simu zote usiku. Bebeni na kabambe moja. Inakaa na chaji siku kadhaa, na malipo yanafanyika bila intaneti.
- Weka PIN ya laini, ambayo ni tofauti na PIN ya pesa. Ikiwekwa, aliyeokota simu hawezi kuhamisha laini yako kwenye simu nyingine na kuitumia.
- Andika nambari ya huduma kwa wateja kwenye karatasi. Ikiwa imo ndani ya simu iliyopotea, haikusaidii.

Na likitokea la kutokea, kumbuka jambo hili ambalo wateja wengi husahau wakipaniki: pesa yako haimo ndani ya simu. Imo kwenye akaunti yako kwetu. Simu ikilowa, izime, usiichaji, toa laini, ikaushe na uiweke kwenye ile kabambe. Salio lako liko pale pale. Simu ikiibwa, azima simu ya mtu, tupigie na tutafunga akaunti wakati huo huo. Kesho utaenda na kitambulisho kupata laini mpya, na pesa utaikuta.

Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata kijana mzuri wa kwenye kibanda anayejitolea "kukusaidia kulipa haraka kwa sababu mikono yako imelowa". Futa mikono, geuka, weka PIN mwenyewe. Na sisi hatutakupigia kamwe kuomba PIN.

Jioni, dakika tano za mwisho

Mkishafika nyumbani na watoto wamelala na viatu, fungua ujumbe wa malipo ya siku na ulinganishe na hesabu yako ya mwanzo. Wapi mlizidisha? Je, kuna muamala usioutambua? Ukiuona, tupigie usiku huo huo. Pesa ya dharura ikibaki, irudishe kwenye akiba na ubadilishe jina la lengo: "Disemba".

Watoto hawatakumbuka mlilipa shilingi ngapi. Watakumbuka baba aliteleza kwenye slaidi akapiga mayowe, na kwamba kila walipogeuka kuangalia kama mnawaona, mlikuwa mnawaona. Hilo haliuzwi kwa till yoyote.

Fungua akaunti yako leo, chagua "Akiba", andika jina la mahali na tarehe, na uweke shilingi mia ya kwanza. Kisha waite watoto wakuone ukiiweka. Tukutane Agosti.