Magari ya kifahari: tunastaajabia nini?

Vijana wetu wa Makiso na Mangobo wanatumiana picha za Ferrari na Bugatti kwa simu, na wazazi wanatuuliza: je, ni dhambi?

Tuanze na kitu chenyewe. Bugatti Chiron ilitengenezwa Molsheim, Ufaransa, magari 500 tu. Injini yake ina silinda 16 na nguvu za farasi 1,500. Hiyo ni kazi ya akili, na akili ni zawadi ya Mungu. Kustaajabia kazi nzuri si kosa.

Lakini kila bei ina mlipaji. Mwaka 2016 Geneva ilianza kuchunguza pesa za Teodorin Obiang, mwana wa rais wa Guinea ya Ikweta, na magari yake yakakamatwa. Mwaka 2019 magari 25 yaliuzwa kwa mnada. Lamborghini Veneno moja ilipita dola milioni 8. Iliamuliwa pesa hizo zisaidie wananchi wa nchi ile.

Hapo ndipo penye mpaka. Anayestaajabia hukiacha kitu mahali pake. Anayetamani hukifuata kwa njia yoyote, hata kwa pesa ya masomo ya mdogo wake.

Basi wazazi, msiwanyang'anye watoto picha. Waulizeni mambo mawili: gari hili limetengenezwaje, na nani amelipa? Swali la kwanza laweza kumpeleka mtoto kujifunza ufundi. La pili litamlinda siku atakaposhika pesa ya wengine.