Chujio la Umeme na Kelele za Redio: Mfano wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Msikilizaji wa redio mjini Kitale au Bungoma huifahamu hali hii: redio inayosikika vyema huanza kukwaruza pindi chaja ya simu, taa ya LED au inveta ya sola inapowashwa karibu nayo. Lawama hutupiwa kituo cha utangazaji, mvua, au hata Mlima Elgon. Aghalabu kosa limo ndani ya kile kifaa kidogo. Makala haya yanaeleza chanzo cha kelele hiyo, namna inavyozuiwa, na tatizo la kiistilahi linaloambatana nayo.

Chanzo cha Kelele

Umeme wa majumbani nchini Kenya huwa wa volti 240, nao ni mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Chaja ya kawaida ya simu hutoa volti 5 za mkondo mnyoofu. Zamani volti zilipunguzwa kwa transfoma nzito ya chuma. Kigeuzi cha kisasa hutumia transista inayokata na kuunga mkondo makumi au mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kadiri ukataji unavyoongezeka kasi, ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo. Ndiyo maana chaja hutosha kiganjani.

Hata hivyo, udogo huo una gharama. Kigeuzi kinachokata mkondo mara 100,000 kwa sekunde huzaa pia mawimbi ya kilohezi 200, 300, 600, 900 na kuendelea. Redio ya mawimbi ya kati husikiliza baina ya kilohezi 531 na 1602. Kelele basi huingia mle mle mwa matangazo, nazo nyaya za nyumba huwa antena ya kuisambaza. Katika kibanda cha kuchajia simu, vigeuzi kadhaa hukwaruza kwa pamoja.

Kazi ya Chujio

Chujio huwekwa mahali umeme unapoingilia kigeuzini. Kelele hupita kwa njia mbili. Ya kwanza huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Hii hupewa njia ya mkato na kapasita iliyounganishwa baina ya nyaya hizo. Ya pili hupita katika nyaya zote mbili kwa mwelekeo mmoja na kurejea kupitia ardhi. Dawa yake ni koili mbili zilizozungushwa kwenye pete moja ya feraiti. Sumaku za mkondo wa kawaida hufutana, hivyo mkondo huo hupita bila kizuizi; sumaku za kelele hujumlishana na kuizuia. Kapasita ndogo za kuelekea ardhini husaidia, lakini zikizidi ukubwa huvujisha umeme unaoweza kumdhuru mtumiaji.

Chujio huhitaji nafasi na fedha. Katika baadhi ya chaja za bei nafuu, pahali pa koili huungwa kwa kipande cha waya tu. Simu hujaa chaji kama kawaida. Anayeumia ni jirani mwenye redio. Kamati ya kimataifa ya CISPR iliundwa mwaka 1934 ili kulinda usikilizaji wa redio dhidi ya madhara ya aina hii.

Suala la Istilahi

Dhana hii huweza kuitwa "mwingiliano wa sumakuumeme". Kiambishi -an- hudokeza kutendana, kama katika mwingilianomatini, ambamo matini huathiriana. Chaja huiathiri redio. Redio haiiathiri chaja. "Uingiliaji" lingefaa zaidi.

"Chujio" nalo lina mipaka. Wazee wa Bungoma hunywa busaa kwa mrija wenye kichujio nchani, na machicha hubaki chunguni. Chujio la umeme halihifadhi machicha: kelele nyingine huzuiwa, na nyingi hurudishwa zilikotoka. Mwanafunzi asipoelezwa tofauti hii, jina litampotosha.

Hitimisho

Mwenye redio anaweza kuthibitisha chanzo kwa kuchomoa vifaa kimoja kimoja huku akisikiliza. Akishakipata, akisogeze mbali na redio au akibadilishe. Kwa wanaisimu, kazi iliyosalia ni kuunda istilahi zitakazomwezesha fundi wa Kitale kumweleza mteja wake, kwa Kiswahili, kwa nini chaja mbili zinazofanana hutofautiana bei.