Doha hadi Dubai: Saa Moja Iliyogeuka Safari ya Siku

Ukitazama ramani, Doha na Dubai ni majirani wa karibu. Baina ya viwanja vyao vya ndege kuna takriban kilomita 380, pungufu kidogo ya masafa ya angani kati ya Nairobi na Mombasa. Ndege huhitaji kama saa moja tu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu, safari hiyo ya moja kwa moja haikuwepo.

Itakumbukwa kwamba tarehe 5 Juni 2017, Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar kwa tuhuma za kuunga mkono ugaidi, tuhuma ambazo Doha ilizikanusha. Mpaka pekee wa nchi kavu wa Qatar ukafungwa, na ndege zake zikazuiwa kupita katika anga za majirani hao.

Ndugu zetu waliokuwa wakifanya kazi Doha, huku jamaa zao wakiwa Dubai, walilazimika kupitia nchi ya tatu. Doha hadi Muscat ni kilomita 700 hivi, na kutoka Muscat hadi Dubai ni 350 nyingine. Masafa yakakaribia mara tatu, mbali na saa za kungojea ndege ya pili na nauli ya safari mbili.

Waliorudi nyumbani nao hawakusalimika. Doha na Dar es Salaam zimetengana kwa kilomita kama 3,800, na njia iliyonyooka hupita juu ya Saudia, Yemen na Somalia. Njia hiyo ilipozibwa, ndege zilielekea kwanza upande wa Iran, zikazunguka kupitia Oman na Bahari ya Hindi, ndipo zikashuka kusini. Muda ukaongezeka, na mafuta pia.

Suluhu ilitiwa saini Al-Ula, Saudia, tarehe 5 Januari 2021. Siku mbili baadaye, ndege ya Qatar iliyokuwa ikielekea Johannesburg ilipita tena katika anga ya Saudia. Safari za Dubai zilirejea mwishoni mwa mwezi huo.

Je, mambo yameisha? Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, Iran iliposhambulia kambi ya kijeshi ya Al Udeid. Abiria wengi walikwama, wakiwemo waliokuwa wakipita tu kubadilisha ndege.

Sisi tunaposafiri huuliza bei ya tiketi na kilo za mizigo. Tuulize pia ndege itapita wapi, na ikichelewa tutafanyaje. Anayewahi mazishi, au ambaye viza yake inakaribia kwisha, ajiachie angalau siku moja ya akiba. Kilomita hazibadiliki, lakini muda wa safari hutegemea pia maelewano ya majirani.