Neno 'Jani' na Utata wa Wingi Wake

Jani ni neno la asili ya Kibantu. Kutokana nalo tumepata kijani, jina la rangi. Hata chanikiwiti, walilolitumia wazee wa pwani, lina shina hilo hilo, kwani chani ni kijani na kiwiti ni kibichi. Basi wanaodhani kwamba 'kijani kibichi' ni zao la ofisi za watafsiri wamekosea.

Utata umo katika wingi. Twasema majani ya mwembe, na nyasi za kulishia mbuzi pia twaziita majani. Katika mazungumzo msemaji aweza kuonyesha kwa kidole. Katika maandishi hawezi. Tumfikirie mkulima wa mpunga huko Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, aliyeshika chupa iliyoandikwa 'dawa ya majani'. Je, ni ya kuua magugu, ama ya kunyunyizia majani ya mpunga yapate kustawi? (Na mpunga wenyewe ni jamii ya nyasi!) Akikosea, msimu mzima umempotea.

Kwa hiyo twapendekeza watafsiri waandike 'kiuagugu', au 'dawa ya kuua magugu'; ya malishoni waziite nyasi; na neno majani waliachie mmea.